Je, wajua kwa nini dereva aliyegonga mtu anaweza kuachiliwa na koti, na mwingine asiyegonga hata kuku akapatikana na hatia?

Mtu akigonga huku Kenya mtaa mzima ushamhukumu kabla hata trafiki hawajafika, "huyo ataenda ndani tu". Halafu miezi kumi baadaye unamuona yuko stejini anapakia kama kawaida na watu wananong'ona ati lazima alitoa kitu kidogo. Kutoa kitu kidogo kuko, sikatai, lakini mara nyingi jibu ni rahisi kuliko hilo. Ajali yenyewe sio kosa. Kosa ni vile ulikuwa unaendesha, na hilo kiongozi wa mashtaka lazima alithibitishe lenyewe, sio kuonyesha koti picha ya gari iliyobondeka na kukaa chini.

Soma Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 47. Kinaongelea kuendesha ovyo, ama kwa kasi, ama kwa namna ambayo ni hatari kwa umma. Hakuna mahali kinasema lazima mtu aumie. Ndio maana yule wa matatu anayetoka nje ya lami, anapita foleni yote akitimua vumbi, halafu anajichomeka mbele ya lori, anaweza kushtakiwa hata kama hakugusa mtu, na akipatikana na hatia mara ya kwanza ni faini mpaka laki moja ama jela mpaka miaka miwili. Mtu akifariki unahamia kifungu cha 46, hapo ni mpaka miaka kumi na leseni inaenda miaka mitatu. Chini yao kuna kifungu cha 49, kuendesha bila uangalifu, ambacho ni chepesi kidogo na mawakili wengi hupigania kesi ishuke hadi hapo wakiona mambo ni magumu.

Sasa hicho kifungu cha 47 kina maneno marefu katikati ambayo watu huruka, yanasema hakimu aangalie hali zote, barabara ilivyo, imeharibika ama iko sawa, inatumika vipi, na magari yaliyokuwepo saa hiyo ama yale ambayo mtu angetarajia kuwepo. Utetezi mwingi unazaliwa hapo. Kilomita 80 kwa saa kwenye lami tupu saa kumi alfajiri sio 80 ileile mbele ya soko watoto wakitoka shule.

Halafu kuna hii story ya Uingereza ambayo mimi naipenda sana. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya huko ilisikiza kesi ya mama mmoja anaitwa Gosney. Aliingia barabara ile ya pande mbili zilizotenganishwa, akashika upande usio wake, magari yanamjia uso kwa uso. Hatari hiyo nani ataibisha? Lakini yeye alitaka kuonyesha kwamba yale makutano yalikuwa yamekaa vibaya na dereva yeyote wa maana angepotea vilevile, na koti ya kwanza ikakataa hata kusikiza huo ushahidi. Wa rufaa wakafuta hatia. Wakasema hali ya hatari peke yake haitoshi, lazima pia kuwe na kosa la dereva mwenyewe ndilo limeleta hiyo hali. Si lazima iwe makusudi, inatosha awe ameshuka chini ya uangalifu ama ujuzi wa dereva aliyekomaa. Hayo maneno yakaingia huku kwetu kupitia kesi ya Atito dhidi ya Jamhuri, 1975, na mpaka leo ukisoma hukumu za ajali za Kenya utakutana nayo tu.

Kwa hivyo swali la koti huwa sio "nani amegonga nani". Ni "huyu dereva alifanya nini ambacho dereva mzuri hangefanya?" Mashahidi wakishindwa kulijibu, kesi imeanguka hata kama kuna mtu anatembea na magongo.

Nimeona hii kwa macho. Jirani yangu, dereva wa kanta (lori dogo) ya mchanga, alishtakiwa kwa kifungu hichohicho cha 47, sitasema koti gani. Saa mbili usiku, bodaboda haina taa inatoka njia ya vumbi inaingia lami, paap. Abiria wa boda akavunjika mguu. Mashtaka yakasema jirani alihama upande wake. Ushahidi mkubwa ulikuwa ile skechi, mchoro wa mahali pa ajali, na juu yake kuna X ya pale waligongania, imewekwa upande usio wa kanta.

Askari akapanda kizimbani, wakili wa jirani (kijana mdogo tu, suti imemzidi) akamuuliza hii X ulijuaje ni hapo. "Nilionyeshwa na wananchi." Kina nani? "Walikuwa wengi." Uliandika majina? Kimya. Ulifika saa ngapi? Saa tatu na dakika ishirini. Ukapata gari ziko wapi? Zilikuwa zimesongezwa kando. Na vioo vilivyovunjika vilikuwa wapi? "Sikuchora vioo." Hapo hakimu, ambaye muda wote alikuwa anaandika tu kichwa chini, akasimamisha kalamu akauliza mwenyewe, "Hukuchora, ama hakukuwa na vioo?" Askari akaangalia lile karatasi kama ndio analiona mara ya kwanza. "Sikuchora, mheshimiwa." Kalamu ikaendelea.

Yaani hiyo X ikafa pale. Vioo, alama za breki, oili iliyomwagika, hivyo ndivyo vinaonyesha waligongania wapi, X ya kuambiwa na watu wasio na majina ni uvumi uliochorwa na rula.

Yule abiria naye akasema kanta ilikuwa "inakimbizwa sana". Watu wanadhani hilo linatosha, na wapi. Kwenye kosa la kupita spidi iliyowekwa, kifungu cha 43 chenyewe kinakataza mtu kupatikana na hatia kwa sababu tu shahidi mmoja alionea kwa macho kwamba gari ilikuwa mbio. Kosa la kuendesha kwa hatari ni tofauti, hiyo kinga haijaandikwa pale, lakini wakili mjanja atauliza tu, ulikuwa umekaa nyuma ya boda, giza, kanta inatokea ubavuni, spidi uliipimia wapi?

Kuna utetezi mwingine wa gari kuharibika ghafla. "Breki zilikataa" kila dereva anaijua, na mahakimu wanaijua kuliko madereva. Ndio maana gari hupelekwa kwa inspekta wa magari anaandika ripoti kama lilikuwa na kasoro kabla ya ajali, na hiyo ripoti inaweza kukuokoa ama kukuzika. Tairi ikipasuka bila dalili yoyote, hilo si kosa lako. Ikipasuka na ilikuwa upara miezi mitatu, ni lako. Waingereza waliliamua 1961 kwenye kesi ya Spurge, breki za gari yake zilikuwa zinavuta kulia, lakini alikuwa analijua hilo na bado akaliendesha, basi hakupona. Usingizi ni hivyohivyo, huwezi kusema "nilikuwa nimelala kwa hivyo sio mimi niliyeendesha", manake uliusikia unakuja na ukaendelea. Mfano ambao majaji hao wanapenda kutoa ni dereva aliyevamiwa na kundi la nyuki ndani ya gari, huyo sawa, nyuki hawapigi hodi.

Lakini haya yote hayafiki popote kama asubuhi ya kwanza umesema "ni kweli mheshimiwa". Na wengi wanasema! Umelala seli, umeambiwa kubali ulipe uende nyumbani, unakubali. Ukishakubali na ukapatikana na hatia rufaa yako inabaki kupinga ukubwa ama uhalali wa adhabu tu, si hatia. Hakimu anatakiwa akusomee shtaka kwa lugha unayoielewa, na ukikubali, asome pia maelezo ya vile ilitokea akuulize kama ni kweli. Hapo bado una nafasi. Ukisema "ndio niligonga lakini boda haikuwa na taa", hiyo sio kukubali, anafaa aandike kwamba umekana.

Ukikana, Katiba ya 2010 kifungu cha 50 inakupa haki ya kupewa mapema ushahidi watakaoutumia. Uombe kwa sauti, siku hiyohiyo. Taarifa za mashahidi, skechi, ripoti ya inspekta, P3 ya majeruhi, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Na urudi mahali pa ajali upige picha mwenyewe kabla kaunti haijakumbuka kuziba shimo ama kupaka zebra. Jirani yangu alipiga picha saa mbili usiku, hakuna taa hata moja ya barabara, na pale njia ya vumbi inapoingilia lami kuna kichaka kirefu kuliko mtu. Hizo picha zilifanya kazi kuliko mashahidi wote.

Mashtaka yakimaliza mashahidi, hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Huna, umeachiliwa hapohapo. Unayo, unachagua kuapa na kuulizwa maswali, kujieleza bila kuapa, ama kunyamaza, na kunyamaza hakuhesabiki kama kukiri. Jirani alikutwa na ya kujibu. Akaapa, akaulizwa maswali robo saa, akasema jambo moja tu bila kulibadilisha: nilikuwa upande wangu, taa nilikuwa nimeshusha, yule aliingia lami bila kusimama. Mwenye boda mwenyewe hakuwahi kuja kutoa ushahidi. Hakimu akaandika kurasa nne, akamuachilia.

Wiki tatu baadaye ananipigia, sauti imekauka. Ameletewa barua na wakili wa yule abiria, wanataka fidia ya mguu. "Si nilishinda?" Alishinda jinai, ambapo lazima wathibitishe pasipo shaka ya maana, kwenye madai wanapima tu ni upande gani unaelekea kuwa kweli zaidi, kwa hivyo mguu huohuo unaweza kurudi kivingine. Afadhali yake hakukubali kosa, kwa sababu Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, ingefanya ile hatia iwe ushahidi wa mwisho kwamba alitenda lile kosa, na wakili wa abiria angeingia nayo koti ya pili mkononi. Nikamwambia barua aipeleke kwa watu wa bima siku hiyohiyo, na zile picha za usiku asizifute kwa simu.