Mkia wa OID ndo unaotaja kitu chenyewe

Wakuu, vijana wanaofunga mitandao hapa Kigoma wananiletea sana swali hili: wamefungua faili la MIB (orodha ya taarifa unazoweza kukiuliza kifaa), wameona sysName, yaani jina la kifaa, ni 1.3.6.1.2.1.1.5, wakiiuliza ruta kwa SNMP (lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao) inawaambia haina kitu kama hicho. Ruta iko sawa. Namba hiyo, ndiyo OID, inataja aina ya taarifa tu, bado hujasema unataka ipi, hilo linasemwa na mkia, yaani namba unazoongeza mwishoni. sysName iko moja kwenye kifaa kizima, kwa hiyo mkia wake ni sufuri, weka 1.3.6.1.2.1.1.5.0 uone kama haijajibu.

Kazi iko kwenye majedwali. Hali ya poti, ifOperStatus, safu yake ni 1.3.6.1.2.1.2.2.1.8 na mkia ni ifIndex, namba ambayo kifaa kimeipa poti, ukiongeza .5 unaulizia ile yenye ifIndex 5, ikirudi 1 iko hewani, ikirudi 2 iko chini. Hapo wengi wanaenda vizuri, wanakuja kukwama kwenye mkia mrefu kama huu, 1.3.6.1.2.1.4.22.1.2.3.192.168.1.20, wanadhani ni matawi ya mti yanaendelea, kumbe safu imeishia kwenye 4.22.1.2, hiyo 3 ni ifIndex, halafu inafuata IP nzima kama ilivyo, na jibu ni MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya mashine yenye IP hiyo. Hakuna alama ya kutenganisha, ni wewe usome mstari wa INDEX kwenye MIB, ndio unaosema mkia umepangwaje. Maneno nayo yakiwa kwenye mkia yanageuzwa namba, mara nyingi "juma" inakuwa 4.106.117.109.97, ile 4 ya mbele ni idadi ya herufi, bila hiyo utajuaje jina limeishia wapi?

Sasa tahadhari. ifIndex sio lazima iwe namba iliyochapwa kwenye bati la swichi, na kuna vifaa vikizima vikawaka vinazipanga upya. Kwa umeme wetu unavyokatika, asubuhi unakuta grafu ya laini ya Ujiji inachora ya Kibirizi na wala haipigi kelele, mkia uleule kitu kingine kabisa. Mimi nasoma na ifName, jina la poti, 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1, kwa mkia huohuo, jina lisipolingana siandiki takwimu. Kama unatumia Cacti, programu ya kuchora grafu za mtandao, ina sehemu ya kuiambia ikague jedwali upya pale uptime ya kifaa (muda tangu kiwake) inaporudi nyuma, iwashe.