Pogo: roketi ikitetemeka, si lazima injini iwe mbovu

Dhana: Mtetemo mkali ni dalili ya injini mbovu.

Ukweli: Pogo, yaani mtetemo wa mbele na nyuma wa roketi unaojiongeza wenyewe, huweza kuishika roketi ambayo kila kifaa chake ni kizima. Roketi ya mafuta ya kimiminika ni ndefu na nyembamba, hivyo ikiruka hurefuka na kufupika kidogo. Mwendo huo hupandisha na kushusha presha kwenye mabomba, nguvu ya injini nayo hupanda na kushuka, kisha mwili husukumwa utetemeke zaidi. Kadiri mafuta yanavyopungua matangini, mwendo wa asili wa mwili, yaani kasi ambayo hupenda kutetemeka, hubadilika. Ukilingana na ule wa mabomba, balaa huanza. Kwa hiyo injini iliyofaulu ikiwa imefungwa ardhini bado haijathibitisha lolote kuhusu pogo.

Dhana: Dawa ni kuongeza chuma.

Ukweli: Dawa iliyozoeleka ni kinyume chake: kulegeza. Kifuko kidogo cha gesi kwenye bomba hufanya kimiminika kinepe, na mwendo wake ukaachana na wa mwili. Lakini ukitibu nusu unaweza kuharibu. Mwaka 1962 kombora la Marekani Titan II lilitetemeka kiasi cha mara 11 kwa sekunde, kwa nguvu ya takriban 2.5 g (g 1 ni sawa na mvutano wa Dunia), ilhali NASA ilitaka isizidi 0.25 kwa ajili ya wanaanga wa mradi wa Gemini, ambao wangerushwa nalo. Desemba mwaka huohuo wahandisi walirekebisha upande wa kioksidishaji (kimiminika kinachowezesha mafuta kuwaka) peke yake, mtetemo ukazidi. Ulitulia Novemba 1963, baada ya upande wa mafuta nao kushughulikiwa.

Dhana: Pogo ndiyo iliyozima injini mbili za Apollo 6, safari ya majaribio isiyo na watu ya mradi wa kwenda Mwezini.

Ukweli: Kosa hili hurudiwa mno. Pogo ilitokea kweli tarehe 4 Aprili 1968, ila katika hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayowaka mwanzo, ya roketi yake Saturn V. Injini mbili zilizimika katika hatua ya pili: moja bomba lake la kiwashio lilipasuka, na nyingine nzima ikazimwa kwa sababu nyaya zilikuwa zimepishana, amri ya kuzima ile mbovu ikaiendea hiyo.

Dhana: Baada ya hapo tatizo liliisha.

Ukweli: Hatua ya kwanza ilitulizwa kwa gesi ya heli. Aprili 1970, injini ya kati ya hatua ya pili ya Apollo 13 ilitetemeka hadi ikajizima dakika mbili hivi mapema; nne zilizobaki zikaunguza muda zaidi. Nionavyo, huko ni kuponea chupuchupu. Shuttle za NASA (vyombo vya anga vya kutumika tena) zilipobuniwa, kila injini kuu iliwekewa kizuia pogo tangu mwanzo.