Darubini ya mtumba: maneno ya sokoni na ukweli wa kioo

Ukibahatika kuikuta darubini ya macho mawili pale Sabasaba, Dodoma, utaikuta pamoja na maneno mengi. Baadhi ya maneno hayo yanawatia watu hasara, na mengine yanawaumiza macho.

"Ukiona viwili viwili, ni macho yako." Hili linanikera kuliko yote, maana mtu analipa kisha anajilaumu mwenyewe. Darubini ikianguka, mara nyingi prizimu za ndani (vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga) husogea na mirija yake miwili ikaacha kutazama mahali pamoja. Kibaya zaidi, ubongo hujitahidi kuziunganisha picha hizo. Baada ya sekunde chache unaona kitu kimoja, unalipa, unaondoka. Ukija kukaa nusu saa ukitazama flamingo wa Ziwa Singidani, kichwa kinagonga.

Kabla ya kutoa hela, ielekeze kwenye waya wa umeme au ukingo wa paa la bati lililo mbali. Fumba macho, kisha yafumbue ghafla. Mistari miwili ikitokea halafu ikaungana, tatizo umeliona. Sasa isogeze taratibu kutoka usoni, kama shubiri moja, huku ukiutazama waya uleule. Waya wa kushoto na wa kulia uko kimo kimoja? Ukiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, irudishe, hata kama bei ni ya kutupa. Tofauti ya juu na chini macho hayaivumilii kabisa.

Utaambiwa fundi yeyote ataikaza. Ni kweli, darubini nyingi za kizamani zina skrubu za kusogezea prizimu, zimefichwa chini ya ngozi ya nje. Lakini fundi akizizungusha kwa kubahatisha, picha inaweza kulingana kwa upana wa macho yako tu. Mwenzako akiikunja kidogo ili ienee macho yake, viwili vinarudi. Kazi hiyo inataka vifaa vya kupimia.

"Dodoma kukavu, kuvu haishiki." Darubini haikuzaliwa hapa! Imekuja kwa meli, na huenda ililala miaka kwenye kabati lenye unyevu. Ukavu wetu hupunguza kasi ya kuvu kukua, ila haufuti iliyokwisha kuota, na tindikali yake hula kioo chenyewe. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Nyuzi kama utando wa buibui ndiyo kuvu yenyewe. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa mara nyingi ni mvuke wa grisi, na fundi kamera mwangalifu anaweza kuusafisha. Chembe chache za vumbi zisikutishe, haziharibu picha.

Wapo wanaosema ianikwe juani. Hata jua likiiua kuvu, nyuzi na makovu kwenye kioo vinabaki, na joto huilainisha grisi ikasambaa hadi kwenye prizimu.

"Lenzi nyekundu ni za kijeshi, zinaona usiku." Hapana. Mpako ule, yaani tabaka jembamba lililopakwa juu ya lenzi, unarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo picha inakufikia ikiwa na ukijani na imepungua mwanga. Mpako mzuri kazi yake ni kupitisha mwanga. Kioo kisicho na mpako hupoteza takriban asilimia 4 kila uso. Zikiwa nyuso 10, theluthi ya mwanga imekwenda. Ishike chini ya taa: mng'ao ukirudi mweupe, mpako hakuna; ukirudi zambarau au kijani hafifu, upo.

"Namba kubwa ndiyo bora." Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. 20x50 hukuletea jichoni mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 2.5 tu (50 kugawanya kwa 20), na kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara 20. 8x42 hukupa 5.25, na inashikika bila stendi.

Picha ikichezacheza saa saba mchana, usiilaumu lenzi. Ni joto linalopanda kutoka ardhini. Mwombe muuzaji uijaribu asubuhi.