Gari lisilo na injini lina bei yake

Wengi huamini kwamba gari likishang'olewa injini na giaboksi, likabaki juu ya mawe uani, huuzwa kwa kilo tu kama chuma chakavu. Ni rahisi kuamini hivyo ukiliangalia lilivyo. Lakini mnunuzi wa spea haangalii uzito. Anaangalia milango, taa, difu (gia za ekseli), na hasa masega ya ekzosi, yaani kifaa cha kusafisha moshi, ambayo ndani yake mna metali za thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu.

Lizunguke na kalamu, andika kilichobaki, kisha ulizia bei ya kimoja kimoja kwa wauza spea zilizotumika, Gerezani, Dar es Salaam, kwa mfano.

Tafadhali, kadi ya gari usiitupe: namba ya chesisi bado imesajiliwa kwa jina lako. Andikianeni mkataba na mnunuzi, umiliki ubadilishwe au usajili ufutwe.