Basi la ratiba ni nini?

Umepanda matatu ya kwenda Luanda, hapa Kenya, kwenye steji ya mjini Kisumu. Kondakta anaita, "Wawili tuende!" Ukihesabu viti vitupu unapata vitano. Ukishaketi, jamaa wa dirishani anashuka taratibu na kuingia gari la nyuma. Kumbe hakuwa abiria, alilipwa akae ili gari lionekane linakaribia kujaa. Litaondoka saa ngapi? Likijaa.

Basi la ratiba hutoka kwa saa iliyotangazwa, liwe na watu arobaini au wanne. Jambo zito hapo ni kiti kitupu: nani atakilipia? Gari la kujaza humlipisha abiria kwa muda wake. La ratiba humlipisha mwenye basi, au serikali iliyompa kazi.

Anayeumia zaidi na mtindo wa kujaza ni yule wa katikati ya njia. Simama Kisian, kituo cha njiani kwenda Luanda, asubuhi uone: gari lililosubiri Kisumu hadi likajaa linapita bila kiti. Atangoja lingine, abananishwe, au apande boda. Mwenye uwezo hununua gari lake, na kesho foleni ya kuingia mjini imeongezeka gari moja lenye mtu mmoja ndani.

Watu husema dawa ni kuleta mabasi makubwa. Hesabu inawaunga mkono: watu 560 wanahitaji matatu 40 za abiria 14, lakini mabasi 11 tu ya viti 51. Tatizo ni kwamba basi la viti 51 likiachwa lijaze kwanza, litakaa steji muda mrefu kuliko matatu, na abiria watalikimbia. Ndiyo maana gari dogo limelishinda kubwa kwenye njia nyingi za huku kwetu: linajaa haraka. Basi kubwa bila ratiba ni kizuizi tu kando ya barabara.

Kuna neno jingine la kulijua hapa: mwachano, yaani muda kati ya basi moja na linalofuata. Mabasi yakipita kila dakika 10, anayefika kituoni wakati wowote husubiri wastani wa dakika 5. Yakipita mawili kwa pamoja kila dakika 20, wastani unakuwa dakika 10, ingawa idadi ya mabasi ni ileile. Magari yetu hukimbizana kugombania abiria, kwa hiyo yanapita kwa makundi, halafu kimya.

Dereva naye usimlaumu haraka. Kwa kawaida jioni anadaiwa kiasi fulani na mwenye gari, na kinachobaki ndicho chake na kondakta. Akiondoka na watu wanne, amejikata mshahara. Kule London kampuni za mabasi hulipwa kwa mkataba wa kuendesha safari zilizopangwa, na nauli huenda kwa mamlaka ya usafiri ya jiji. Dereva wa huko hana sababu ya kungoja mtu wa mwisho.

Kwetu nani atoe mkataba kama huo? Katiba ya 2010 imezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani ndani ya mipaka yao, lakini leseni ya gari la abiria hutolewa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani. Ugumu uko kwenye mipaka. Matatu ile ya Luanda hutoka kaunti ya Kisumu, hupita Maseno, kisha huingia Vihiga. Kaunti zote mbili zikae mezani zikubaliane nani atalipia kiti kitupu, na mimi sioni jambo hilo likimalizika upesi.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningetaja njia ya Nakuru kwenda Njoro, Elburgon hadi Molo. Yote iko kaunti moja, na pale Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, chenye watu wa kwenda na kurudi mchana kutwa. Mabasi machache yangetosha kwa majaribio, mradi yatoke kwa saa zake hata jioni. Basi la saa mbili usiku kwenda Molo siku nyingine litabeba watu sita. Hao sita wakishazoea kwamba litatoka, hawatakuwa na haja ya kukimbilia steji saa kumi na moja pamoja na mji mzima.