Kichujio cha barua taka kikizubaa, anza na DNS

Barua zikirundikana kwenye foleni ya seva, wengi hukimbilia kuongeza RAM. Ngoja kwanza. Fungua top, amri inayoonyesha shughuli za seva. Kama prosesa haina shughuli huku barua moja ikikaa sekunde nyingi kwenye ukaguzi, basi SpamAssassin, yaani kichujio chenyewe, haijalemewa na kazi; inasubiri kujibiwa.

Ushahidi uko kwenye logi. Ikimaliza kila barua, spamd (programu ya SpamAssassin inayofanya kazi nyuma ya pazia) huandika alama na muda iliotumia, kwa mfano (0.8/5.0) kisha "in 15.6 seconds". Sekunde zikigandia 15 na ushee, mimi huishuku DNS, mfumo wa kutafuta anwani za majina ya mtandao, papo hapo, kwa sababu rbl_timeout, kikomo cha kusubiri majibu ya DNS, isipoguswa huwa sekunde 15. Kuhakikisha, pitisha barua ileile mara mbili kwa amri ya spamassassin -t, moja ikiwa na -L inayozima vipimo vya mtandao. Yenye -L ikitoka chapuchapu na nyingine ikakawia, mchawi umemwona.

Kila barua inayoingia huzaa maswali mengi ya DNS kwenda kwenye orodha za watumaji wabaya, kama ile ya Spamhaus. Jaribu amri ya kuuliza DNS, dig 2.0.0.127.zen.spamhaus.org, anwani iliyowekwa kwa ajili ya majaribio, usome Query time, yaani muda wa kujibiwa. Ukirudishiwa 127.255.255.254, unaulizia kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8, na Spamhaus hawaihudumii. Hapo kichujio chako kina tatizo kubwa kuliko kasi: hakioni kitu kwenye orodha hiyo.

Dawa ni Unbound, programu ya kutafuta majibu ya DNS, kwenye seva hiyohiyo, pamoja na dns_server 127.0.0.1 ndani ya local.cf, faili ya mipangilio ya SpamAssassin. Tafadhali usiielekeze Unbound ikaulize tena 8.8.8.8! Iache itafute majibu yenyewe, iyahifadhi.

Logi ikilalamika kuhusu --max-children, idadi ya juu ya nakala za spamd zinazokagua barua kwa pamoja, ambayo kwa kawaida ni 5, usiipandishe kabla DNS haijakaa sawa. Utaongeza tu idadi ya wanaosubiri, kila mmoja na kumbukumbu yake, mpaka seva ianze kutumia swap, yaani diski badala ya RAM. Na ikifika huko, utaukumbuka ule mwendo wa mwanzo.

Kama barua nyingi zinapita haraka ila moja moja ndiyo inakwama, angalia Bayes, sehemu ya kichujio inayojifunza maneno ya barua. Huenda barua hiyo imeangukiwa na zamu ya kufuta maneno ya zamani. Weka bayes_auto_expire 0, kisha sa-learn --force-expire iendeshwe usiku na cron, kipanga ratiba cha seva.