Je, wajua kwa nini methodi ndefu huvunjwa hata kama inafanya kazi vizuri?

Chukulia programu ya mnunuzi wa sangara pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza. Mtumbwi unafika, samaki wanapimwa, risiti inatoka. Ndani ya programu hiyo kuna methodi, yaani fungu la maagizo lililopewa jina, iitwayo shughulikiaMzigo. Ina mistari 200. Inasoma mzani, inatoa uzito wa kreti, inakataa sangara wa chini ya sentimita 50, inazidisha kilo kwa bei ya siku, inakata deni la mafuta ambalo mwenye mtumbwi alikopeshwa, inahifadhi kumbukumbu, kisha inachapa risiti. Hesabu zinatoka sawa. Kwa nini basi fundi mzoefu akiikuta hatulii mpaka aipasue?

Si kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta haijali urefu, na kompaila nyingi, yaani programu zinazotafsiri maagizo kuwa lugha ya mashine, zikikutana na methodi fupi mara nyingi huichukua na kuibandika palepale inapoitwa kufanya kazi, kana kwamba haikukatwa kamwe.

Mwanzoni sababu ilikuwa kuepuka kurudiarudia. EDSAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliyoanza kazi mwaka 1949, ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na akina Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walijenga maktaba ya vijiprogramu vilivyotobolewa kwenye utepe wa karatasi, ili hesabu moja isiandikwe upya kila mara. Tangu hapo wengi wameshika kwamba kipande hukatwa kuwa methodi pale tu msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa, unapotumika mara mbili. Hiyo ni nusu ya habari. Hata kipande kitakachoitwa mara moja tu maishani mwake kinastahili kukatwa, kwa sababu kikikatwa kinapata jina na mipaka.

Mipaka ndiyo yenye faida kubwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa wakati mmoja vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akapunguza hadi karibu vinne. Sasa hesabu vigeu, yaani majina yanayoshika thamani zinazobadilika, vya ile mistari 200: uzito, uzito halisi, bei, jumla, deni, salio, idadi ya waliokataliwa. Kwa kuwa mstari wowote unaweza kubadilisha chochote kati ya hivyo, msomaji analazimika kuvibeba vyote hadi mwisho. Siku mwenye mtumbwi anapolalamika kwamba deni la mafuta limekatwa mara mbili, unasoma yote, na ukifika mstari wa 140 umeshasahau wa 30 ulisema nini.

Ukishakata, shughulikiaMzigo inabaki na mistari michache: somaMzani, ondoaUzitoWaKreti, kataaSamakiWadogo, kokotoaMalipo, kataDeniLaMafuta, hifadhiKumbukumbu, chapaRisiti. Malalamiko ni ya deni? Unaanzia kataDeniLaMafuta. Inapokea malipo na deni, inarudisha salio, haigusi kingine. Ukiikuta salama, unarudi kuangalia imeitwa mara ngapi. Nyingine huzifungui.

Hayo yote yanasimama iwapo majina ni ya kweli. Methodi iitwayo fanyaKazi2 ni afadhali isingekatwa. Dalili nzuri ni maoni, yaani maelezo ya msomaji yanayoandikwa ndani ya msimbo: kama juu ya mistari kumi mtu ameandika «hapa tunatoa uzito wa kreti», jina lipo tayari, lichukue. Dalili mbaya ni jina linalodai «na» katikati, kama ondoaKretiNaKataDeni. Hapo umekata mahali pasipo na kiungo. (Na timu ichague lugha moja ya majina. Kuchanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya faili moja kunachosha kuliko urefu wenyewe.)

Kazi yenyewe haina maajabu. William Opdyke, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 pale Chuo Kikuu cha Illinois, aliitafiti kama mabadiliko ya umbo yasiyobadili matokeo. Kwa hiyo andika kwanza majaribio: mzigo huu, bei hii, risiti iwe hivi. Toa kipande kimoja, endesha majaribio, hifadhi, ndipo uguse cha pili. Vihariri vingi vya leo, yaani programu za kuandikia msimbo, hukitoa kipande vyenyewe ukishachagua mistari. Jina tu ndilo halitoki kwa mashine bila kukaguliwa. Ukiona hitilafu njiani, iandike pembeni uirekebishe baadaye, maana ukichanganya hutajua kilichobadili risiti ni kisu au dawa.

Mistari mingapi ni mingi? Watu hubishana, nami sioni maana ya kuhesabu mistari. Thomas McCabe mwaka 1976 alipendekeza kuhesabu njia zinazojitegemea ambazo kipande cha programu kinaweza kupita, akaona 10 ni kikomo cha busara. Kipimo hicho kinanishawishi zaidi. Chapa ya risiti yenye mistari 40 inayoteremka moja kwa moja ningeiacha ilivyo; kuikata kungemfanya msomaji arukeruke bure kati ya vipande vya mistari miwili miwili. Ukaguzi wa samaki wenye mistari 25 na masharti ya «kama» yaliyopandana tabaka nne, huo ningeanza nao.